Kiongozi wa Shirika na Wanaomfuata

Katika nchi ya Gety, kusini mwa Bunia, ambako padri mmoja hawezi kufika vijiji vyote kila Jumapili, watu wa shirika, yaani jumuiya ndogo ya Kikristo, hukutana nyumbani kwa mwenzao, wakasoma Injili, wakanyamaza kitambo, kisha kila mmoja akarudia kwa sauti neno lililomgusa. Na bibi asiyejua kusoma, aliyelishika neno kwa sikio tu, husikilizwa kwa taadhima ileile apewayo mwalimu wa shule. Anayeongoza hapo hana joho wala mshahara. Basi mamlaka yake yatoka wapi, na hao wanaomsikiliza ni wanafunzi wa nani?

Maaskofu wa Kongo walipoazimu mwaka 1961 kuzifanya jumuiya hai kuwa msingi wa uchungaji, na Kardinali Malula alipowakabidhi walei uongozi wa parokia huko Kinshasa katika miaka ya 1970, wako walioona kuwa ni dawa ya uhaba wa mapadri tu. Naamini jambo lenyewe lina kina zaidi, maana hata mapadri wangalikuwa tele, mtu hujifunza imani kwa jirani amjuaye, ambaye naye aijua njaa yake na ugomvi wa nyumbani mwake.

Ushahidi uko Boga, katika eneo hilohilo la Irumu, alikofika mwaka 1896 Apolo Kivebulaya, Mwanglikana kutoka Buganda. Dada yake Tabaro, mtawala wa Boga, alipofariki kwa kuangukia mkuki, Apolo alishitakiwa, akapigwa na kufungwa. Naye alipoachiliwa alirudi kwa walewale waliomdhulumu, hata Tabaro mwenyewe hatimaye akabatizwa. Baadaye Apolo alihudumu miaka mingi huko Toro, ng'ambo ya mto Semliki, na kanisa la Boga halikufa. Hilo kwangu ni kubwa kuliko safari zake zote, kwani wale aliowafundisha walikuwa wamemshika Bwana wao wenyewe, wala hawakuishi kwa kuegemea uso wa mwalimu.

Suala hili lina uzito wa pekee Gety, ambako mapatano baina ya serikali na kundi la wapiganaji la FRPI yalitiwa sahihi mwezi wa Februari 2020, baada ya vita vilivyowameza vijana wengi wa Wangiti. Ufuasi wa msituni humtaka mtu aitikie amri na kuiacha dhamiri yake njiani. Kijana wa namna hiyo akija katika shirika, akamkuta kiongozi apendaye kuogopwa, ashikaye kila sala na kila shauri mkononi mwake, atakuwa amebadili amiri tu, hata kama huyu wa pili hutaja jina la Yesu asubuhi na jioni.

Kiongozi wa kweli atampa kijana huyo kitabu asome, ilhali mjane aliyeuawa mumewe ameketi pale pale; na mjane akisema kwamba hawezi bado kuisikia sauti ya kijana yule, neno lake nalo litapokewa kama neno la mwanafunzi wa Kristo, wala kiongozi hana ruhusa ya kumharakisha asamehe ili kikao kipate kumalizika kwa amani.