Matibabu Mawili, Hukumu Mbili

Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Basi nasi waume tusione haya kuuliza jambo hili.

Siku hizi madaktari wa upasuaji huweza, kwa mkato mmoja mdogo, kufanya mambo mawili: kumfunga mume mirija ya mbegu asizae tena, na kumtia kipandikizi katika dhakari apate nguvu alizopokonywa na maradhi kama ya sukari. Watu huuliza: Ikiwa kisu ni kimoja, je, hukumu si moja? Twajibu: La.

Kipandikizi ni dawa, na Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mke aliyeolewa na mume asiyeweza kabisa kumwingilia ana haki ya kushtaki kwa kadhi, na mume hupewa muhula wa mwaka mmoja. Basi kutibiwa ni kutimiza haki ya mke. Lakini kipandikizi cha kutiwa maji, kilichoanza Marekani mwaka 1973, huharibu nyama ya asili, na nguvu za maumbile hazirudi. Kwa hivyo zitangulie dawa nyepesi za daktari, wala si unga wa wachuuzi wa mitaani.

Ama kufunga mirija, huko si kuhasiwa kama wadhanivyo wengi. Mapumbu hubaki na matamanio hubaki. Na uzazi haukatiki siku ile, bali mtu hungoja kiasi cha miezi 3 kisha mbegu zipimwe. Hata hivyo kuifungua tena mirija hakuna hakika. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lililokutana Kuwait mwaka 1988, liliharimisha kukata uzazi moja kwa moja, kwa mume au mke, ila kwa dharura. Kupanga uzazi kwa muda, kwa haja, kwa maelewano na pasipo madhara, kunajuzu. Na Masahaba walikuwa wakifanya azli.

Basi ewe ndugu, wepesi wa mkato si dharura. Uendapo kutibiwa udhaifu, usitie sahihi ya kukata uzazi kwa sababu tu umekwisha kulala kitandani. Ikiwa mimba yahofiwa kumwua mkeo, shauriana naye, umwulize daktari mwaminifu, kisha mwanachuoni. Mlango usiofunguka tena haufungwi kwa haraka.

Wallahu aalam. Wassalamu alaikum.