Kulia Ipo, Kushoto Haipo

Somo: Waraka wa Paulo kwa Filemoni

Makanisa mengi siku hizi yana meza ya mitambo kule nyuma: kompyuta moja inaonyesha maneno ya nyimbo ukutani, nyingine inarusha ibada mitandaoni, na kijana mmoja anazihudumia zote. Ili asihangaike na mausi mbili, huweka programu kama Synergy, iliyoanza mwaka 2001, au Barrier iliyochipuka kutoka humo. Mausi na kibodi huchomekwa kwenye kompyuta moja, ambayo ndiyo seva. Ukiusukuma mshale hadi ukingoni mwa skrini, unavuka na kutokea kwenye kompyuta ya pili.

Programu hizi zikigoma, sababu nyingi hupatikana upesi. Ruta imeipa seva anwani nyingine ya IP, na kompyuta ya pili ingali inabisha hodi kwenye ile ya zamani. Kinga ya Windows imeziba mlango namba 24800, ambao programu hizi hupitia. Kompyuta imejitambulisha kwa jina ambalo seva hailijui, ikakataliwa. Kuna na kitufe cha Scroll Lock, ambacho karibu kila mtu amesahau kazi yake: kikibonyezwa kwa bahati mbaya, mshale hufungiwa kwenye skrini uliyopo.

Lililonifanya nifungue Biblia ni jingine. Anayeandika faili la mpangilio kwa mkono huandika kwamba kulia kwa KWAYA, yaani seva, kuna STUDIO, yaani kompyuta ya pili. Anaanzisha programu upya, anajaribu, mshale unavuka vizuri. Akiuvuta kushoto urudi, unagota. Anauvuta tena, anainua mausi na kuigonga mezani, kana kwamba mausi ndiyo yenye kiburi. Hakuna kilichoharibika. Programu haidhani kwamba njia ya kwenda ikiwepo, ya kurudi nayo ipo. Inataka mstari wa pili: kushoto kwa STUDIO kuna KWAYA. (Ukipanga kwa kuburuta vijipicha vya skrini, programu hukuandikia mistari yote miwili, ndiyo maana wengi hawalijui jambo hili.) Na mstari huo hauandikwi kule STUDIO mshale ulikokwama. Faili liko kwenye seva.

Usharikani tunapenda kusema: mlango uko wazi, anajua njia, akitaka atarudi. Tunamsema binti aliyezaa kabla ya ndoa akaacha kwaya, au mzee aliyehoji hesabu za ujenzi hadi akanyamazishwa. Lakini muhtasari wa kikao kilichomwondoa upo kabatini, una tarehe na sahihi. Wa kumrudisha uko wapi? Tunamtaka yeye auandike, akiwa huko huko aliko, wakati kalamu na kabati ni vyetu.

Ipo namna ya kuukomboa mshale bila kugusa faili: unakata mawasiliano kati ya kompyuta hizo mbili, nao hurudi seva wenyewe. Wapo washarika wanaorudi kwa njia hiyo. Mmoja anafiwa na mama, tunamwona kiti cha mbele siku ya maziko, kisha hatumwoni tena. Sisi tunajipongeza kwamba alikuja.

Paulo hakumwachia Onesimo kazi ya kujiandikia njia ya kurudi. Onesimo alikuwa mtumwa wa Filemoni aliyekuwa ametengana naye, na nyumbani kwa bwana wake alipajua. Kupotea njia hakukuwa shida yake. Alichokosa ni neno la kumpokea, lililoandikwa na mtu ambaye nyumba ile ingemsikiliza. Paulo, akiwa kifungoni, akaliandika. Hakumpelekea Filemoni peke yake kwa siri: salamu zake zinalitaja pia kanisa linalokutana nyumbani mwake, ili wote wajue. Akaomba Onesimo apokewe kama vile ambavyo angepokewa yeye mwenyewe, wala si kama mtumwa tu tena. Kama kuna deni, akasema, liandikwe kwake, naye atalilipa. Na hapo akasisitiza kwamba anaandika kwa mkono wake mwenyewe. Mtu wa vikao anajua uzito wa maneno hayo: ni dhamana yenye sahihi.

Kisha, karibu na mwisho, anamwagiza Filemoni amtayarishie mahali pa kulala, kwa kuwa anatumaini kuja. Nadhani Filemoni alielewa kwamba mgeni huyo akifika, swali lake la kwanza lingekuwa Onesimo analala wapi.