Deni la Anayebaki Melini

Tangu Januari 18, 2017, sheria ya kimataifa imekuwa na jibu la swali ambalo zamani liliachiwa huruma ya watu wa bandarini: ni lini tuseme baharia ametelekezwa? Marekebisho ya Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 yanasema ni pale mwenye meli asipogharamia safari ya kumrudisha kwao, au akimwacha bila chakula, maji na matibabu, au akijitenga naye, ikiwemo kutomlipa mshahara kwa miezi miwili au zaidi. Mwenye meli anatakiwa awe ameweka mapema dhamana ya fedha itakayolipa hadi miezi minne ya mshahara na kumfikisha baharia nyumbani. Tanzania iliridhia mkataba huo mwaka 2019. Hata hivyo, mkataba huohuo unaziacha nje meli zinazosafiri katika maji ya ndani tu, na pia vyombo vya uvuvi. Kwa hiyo Ziwa Victoria, lenye takriban kilomita za mraba 68,800 na nchi tatu kandokando yake, liko nje ya hesabu. Baharia wa Mwanza aliyeachwa Port Bell, Uganda, yuko ugenini sawa na aliyeachwa Suez, ila hana mkataba wa kuushika. Mpaka huu, kwa maoni yangu, umewekwa mahali pasipo pake. Ubaya wa kutelekeza hautokani na chumvi ya maji. Unatokana na kumkabidhi mtu kitu asichoweza kukiacha bila kuwadhuru wengine, kisha kuondoka na kumwachia wajibu bila ujira.

Tazama kilichotokea Misri. Julai 2017 meli ya mizigo MV Aman ilizuiwa katika bandari ya Adabiya, karibu na Suez, kwa kuwa vyeti vyake vilikuwa vimepitwa na wakati. Mahakama ikamteua ofisa wake mmoja, raia wa Syria, awe mlinzi wa meli kisheria. Wenzake wakaondoka, yeye akabaki hadi Aprili 2021, kwa muda mrefu akiwa peke yake katika meli isiyo na umeme, akilazimika kuogelea hadi ufukweni kutafuta maji na kuchaji simu. Hakuwa mhalifu. Alishikiliwa kwa sababu sheria ilitaka awepo mtu wa kuwajibika kwa meli, na yeye ndiye aliyekuwepo. Aliachiwa pale tu mwakilishi wa chama cha wafanyakazi alipokubali kuchukua nafasi yake. Maana yake ni kwamba jukumu lile lilionekana zito kiasi cha kutoachwa wazi hata siku moja, lakini malipo yake yakahesabiwa kuwa ugomvi binafsi kati ya mtu na kampuni. Haya mawili hayakai pamoja. Kama ulinzi ule ulikuwa wa lazima kwa bandari na kwa mahakama, basi deni la mlinzi ni deni ambalo bandari na mahakama vinahusika nalo.

Beirut ilionyesha upande wa pili wa jambo hilihili. Meli Rhosus, yenye tani 2,750 za amoniamu naitreti, ilitelekezwa pale mwaka 2013, na nahodha pamoja na mabaharia wachache wakazuiliwa ndani kwa miezi mingi bila mshahara. Walipoondoka mwaka 2014, shehena ikahamishiwa ghalani, na Agosti 4, 2020 ikalipuka na kuua watu zaidi ya 200. Kwa miezi yote ile mabaharia wale walikuwa wakiukalia mzigo wa hatari kwa niaba ya mji ambao haukuwatambua. Na si visa vya nadra: Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Uchukuzi lilihesabu meli 312 na mabaharia 3,133 waliotelekezwa mwaka 2024 pekee.

Mwanza nayo imeyaonja haya. Kampuni ya Huduma za Meli, MSCL, iliyoanzishwa mwaka 1997 na kurithi meli zilizokuwa chini ya shirika la reli, ilifika katikati ya miaka ya 2010 ikiwa hoi. MV Butiama ilisimama mwaka 2010, MV Victoria ikafuata mwaka 2014, na wafanyakazi wakakaa muda mrefu bila mishahara hadi Serikali ilipobeba malimbikizo. Meli zote mbili zilirudi majini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa, nao ukarabati unahitaji kwanza kiwepo cha kukarabati. Meli iliyoegeshwa miaka sita haijitunzi: maji yanayoingia lazima yatolewe, kamba zikaguliwe, wezi wafukuzwe. Mtu atasema wafanyakazi hawa hawakutelekezwa, kwa sababu jioni walipanda daladala wakalala kwao. Ni kweli, na tofauti hiyo ni kubwa. Kulala na watoto wako si sawa na kulala peke yako Adabiya. Lakini umbali ni kamba moja tu kati ya zile zinazomfunga mtu na chombo. Kamba nyingine ni madai yenyewe. Akiondoka kutafuta kibarua kingine, ataambiwa ameacha kazi kwa hiari yake. Akibaki, deni linaongezeka na njaa nayo inaongezeka. Anayedai analazimika kuendelea kumtumikia mdaiwa ili tu madai yake yasife.

Hoja ngumu zaidi inatoka kwenye visiwa vya Ziwa Victoria. Huko Goziba au Ukara, tajiri wa dagaa hutoa mtumbwi, injini, nyavu na taa. Vijana, wengi kutoka mikoa ya mbali, hutoa nguvu zao. Mafuta na chakula hukatwa kwanza, kinachobaki ndicho hugawanywa, na hesabu hufungwa wakati wa mbalamwezi, mwanga wa mwezi unapozishinda taa. Mauzo yakiwa mabaya, mgawo unaweza kuwa sifuri, na kijana akajikuta kambini hana hata nauli ya boti. Matajiri hujibu kwamba hapa hakuna mwajiri wala mwajiriwa, kuna washirika waliopata hasara pamoja. Hoja hii inastahili heshima, maana kugawana bahati na hasara ni desturi ya kale na ina haki yake. Ila mshirika huona daftari. Mshirika huulizwa auziwe nani, kwa bei gani, na gharama zipi zikatwe. Na ushirika unapovunjika, naye ana sehemu katika mtumbwi. Asiye na lolote kati ya hayo ameshirikishwa hasara pekee, na huyo ni mfanyakazi aliyenyimwa jina lake.

Nakubali kwamba matajiri wengine nao wanadaiwa na wanunuzi waliowakopesha nyavu na injini, na kumtaka kila mmoja aweke dhamana kama kampuni ya meli kungewamaliza wadogo. Ndiyo maana dhamana hiyo inafaa iwe ya pamoja: kiasi kidogo kilipwe wakati wa kukata leseni ya chombo, kikusanywe kwa mwalo mzima, kitumike kwa nauli na chakula tu. Kufilisika kunaeleza kwa nini mtu hajalipa. Hakumhamishii mvuvi gharama za kukwama.

Na msingi wa haya tayari tunao. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri anayesitisha ajira mbali na alikomwajiri mtu amrudishe huko na mizigo yake, au amlipe nauli, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku za kusubiri usafiri. Kifungu cha 15 kinaongeza kwamba mwajiri akishindwa kuonyesha mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi ni wake. Kinachobaki kuwa kikwazo ni muda. Madai ya mshahara yanatakiwa yafikishwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na anayechelewa lazima aombe kuongezewa muda kwa kutoa sababu za msingi. Kwa mtu aliyekwama kisiwani bila nauli, siku hizo zinakwisha akiwa bado anatafuta boti ya kumvusha. Zianze kuhesabiwa siku anayoshuka Mwanza.