MSHAHARA WA SERIKALI NI AMANA



Barazani petu hayapiti magharibi ila hutajwa mishahara ya watu wa serikali, magari yao na marupurupu yao, na uchache wa kazi yao. Manung'uniko haya si ya miji ya pwani peke yake. Kule Kwa Vonza, katika nchi kavu ya Kitui, mkulima wa pojo, ambazo wao huziita ndengu, hana mshahara wa mwezi, hungoja mvua. Lakini kila anunuapo sabuni hutoa kodi ya asilimia 16. Kodi hiyo ndiyo imlipayo mbunge, karani, naibu wa chifu, na mwalimu wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilichopo papo hapo Kwa Vonza. Basi ana haki ya kuuliza mali yake yaenda wapi.

Nchi nzima iliuliza hivyo Mei 2013, wabunge walipokataa kupunguziwa mshahara kutoka shilingi 851,000 kwa mwezi hadi 532,500. Na tena Juni 2024, vijana walipoupinga mswada wa fedha hata ukaachwa.

Lakini yatupasa tuhukumu kwa uadilifu. Mshahara wenyewe si haramu. Sayyidna Abubakar (R.A.) alipokuwa Khalifa alitoka na nguo zake kwenda kuuza sokoni, Masahaba wakamkadiria posho katika Baitul Mali, ili apate wasaa wa kuwatumikia Waislamu. Posho hiyo ilikuwa badali ya kazi. Basi apokeaye na kazi asiifanye, amekula nini?

Atasema msemaji: "Serikali nami hainipi haki yangu." Twamjibu: Huenda ukasema kweli. Mwaka 2025 walimu wa vyuo vikuu vya umma waligoma wiki saba wakidai fedha za mapatano ya zamani. Kuzuia ujira ni dhulma, na Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kumlipa mfanya kazi kabla jasho lake halijakauka. Mwenye kudai na adai waziwazi. Ama kumlipiza mkulima wa Kwa Vonza kwa kosa la mwajiri, hilo halina hoja: si yeye aliyeuzuia ujira.

Mwenyezi Mungu amewaonya watakao kipimo kamili wapokeapo na wapunguzao watoapo. Watu hudhani maonyo hayo ni ya wenye maduka tu. Karani atakaye mshahara wake wote, na koti lake limetundikwa kitini tangu saa tatu hali mwenyewe yuko mjini, naye yumo katika mizani hiyo hiyo.

Na sisi tunung'unikao tujitazame. Twazilaani posho hizo mpaka apewe mtoto wetu. Hapo twafanya karamu, wala hatumuulizi atafanya kazi gani. Twailaani rushwa, na kesho twatia noti ndani ya faili ili tutangulie. Mtu hawezi kukemea wizi na huku ashika kikapu.

Twawanasihi basi: aliye na kazi ya serikali na atimize saa zake, na mwenye kumlea na amuulize. Mwenyezi Mungu atujaalie tule kilicho halali. Amin.