Hospitali ya Mama Biamba

Wapenzi wa mpira wa kikapu wanakikumbuka kidole cha shahada cha Dikembe Mutombo. Akishaupangua mpira wa mpinzani, alikitikisa kushoto na kulia: hapa hupiti! Katika misimu 18 ya NBA alizuia mipira 3,289, na ni Hakeem Olajuwon pekee aliyemzidi.

Kijana huyu wa Kinshasa alipokwenda Marekani mwaka 1987, hakufuata mpira. Alipata ufadhili wa kusoma Chuo Kikuu cha Georgetown, na ndoto yake ilikuwa udaktari. Lakini mita 2.18 hazifichiki, kocha John Thompson akamwita uwanjani, na udaktari ukakaa pembeni.

Asubuhi hii namfikiria zaidi mama yake, Biamba Marie. Mwishoni mwa miaka ya tisini aliugua ghafla, Kinshasa ikiwa katika machafuko na amri ya kutotoka nje. Hospitali haikufikika. Akafia nyumbani. Mwanawe alikuwa tajiri ng'ambo, na utajiri wote ule haukuweza kumvusha mama barabara chache za mji wake. Uchungu wa namna hiyo unaweza kumvunja mtu kabisa.

Mutombo alitoa mamilioni ya dola kutoka mfukoni mwake, akawabana na wenzake wachangie, na mwaka 2007 hospitali yenye vitanda 300 ikafunguliwa Kinshasa kwa jina la mama. Saratani ya ubongo ilimchukua tarehe 30 Septemba 2024, akiwa na miaka 58. Nashukuru aliwahi kuijenga.