Hela Yangu Imepanda Gari

Kwenye karatasi ya ada, kati ya mitihani na kitambulisho, kuna mstari mfupi: serikali ya wanafunzi. Kiasi ni kidogo, ndiyo maana hakuna anayekigombania. Lakini usipokilipa usajili haukamiliki, na asiyesajiliwa hafanyi mtihani. Je, viongozi wetu wana haki ya kuitumia fedha hiyo kumpigia kampeni mgombea wa chama?

Katika chuo nilichosoma, mkoani Mara, mwaka wa uchaguzi zilikodiwa Kosta mbili kutupeleka mkutanoni Musoma mjini. Fulana na kofia walitoa wenye mkutano. Kosta, maji na posho za viongozi vilitoka kwenye mfuko wetu. Rafiki yangu wa Bunda, ambaye kwao wote ni wa chama kingine, hakwenda. "Mimi nimebaki," aliniambia, "lakini hela yangu imepanda gari."

Waziri wetu wa fedha (wanafunzi tunapenda vyeo) alijibu kwamba walichaguliwa kwa kura, na wengi wape. Kwa tangi la maji nakubali: wengi wakiamua linunuliwe, hata aliyepinga atakinga ndoo. Lakini aliyepinga mgombea hapati chochote humo. Anasemewa asichokiamini, na kwa gharama yake.

Wapo waliosema mbona hata kodi inalipa ruzuku za vyama, tangu sheria ya vyama vingi ya 1992. Ni kweli, ila ruzuku hugawanywa kwa vyama kadhaa, kwa kuangalia kura na viti. Unaweza kuulaumu mgawanyo huo, nami naulaumu, lakini hazina haichagui chama kimoja ikakipa zote.

Mkoa huu una kumbukumbu yake katika jambo hili. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, si mbali na Butiama alikozaliwa Mwalimu Nyerere. Azimio la Musoma likataka kijana afanye kazi kwanza, kisha aingie chuo kikuu akiwa na mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Machi 1978 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga nyongeza za mishahara na marupurupu ya viongozi. Wengi walifukuzwa, chama chao cha DUSO kikavunjwa, ikaja MUWATA chini ya mwavuli wa chama tawala. Wakati huo swali langu lisingekuwa na maana, kwani chama kilikuwa kimoja. Mwaka 1992 sheria ilibadilika. Mazoea yalichelewa, na bado yanachelewa.

Basi siasa ipigwe marufuku vyuoni? Hapana. Bumu likichelewa, hiyo ni siasa, na serikali ya wanafunzi isiyoweza kulisemea ni kamati ya burudani. Hata walioandamana 1978 walikuwa wakifanya siasa. Lakini mkopo unanigusa kama mwanafunzi, hata nikikataa maneno ya msemaji wangu. Mpaka huu una ukungu, najua: vipi mgombea mmoja akiahidi kuongeza mikopo? Hapo waalikwe wagombea wote ukumbini, na mfuko ulipie vipaza sauti.

Uingereza, sheria ya 1994 inamruhusu mwanafunzi kujitoa kwenye umoja wao. Australia iliifuta ada ya lazima mwaka 2006, na huduma nyingi zikayumba kwa kukosa fedha. Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Wisconsin ya mwaka 2000, ilisema ada inaweza kuwa ya lazima mradi igawiwe bila kuangalia nani ana maoni gani. Mimi naegemea huko, kwa sababu nawajua wenzangu: ikiwa hiari, hakuna atakayelipa, na asiye na nauli ya kwenda kumzika mzazi wake ndiye atakayeumia.

Kosta ni jambo jingine. Wanaotaka kwenda wachangishane, kama tunavyofanya kwenye kundi la WhatsApp la harusi, ambako asiyetaka hujitoa, na kikubwa kinachompata ni kuandikwa kwamba ameondoka.