Mavazi ya Jioni Melini

Twapenda leo kulitazama swali lionekanalo dogo, nalo ni hili: mtu aliyekwisha kulipa nauli yake yote katika meli ya matembezi, je, ni haki aambiwe kwamba haingii chumba kikubwa cha kulia mpaka avae suti na tai? Wako wasemao kwamba hilo ni jambo la matajiri wa Ulaya na Marekani, halituhusu. Lakini meli za namna hiyo hutia nanga hata Mombasa na Unguja. Na zaidi ya hayo, hakuna nyumba wala karamu isiyo na sheria yake ya mavazi, ijapokuwa haikuandikwa.

Kwanza tueleze desturi yenyewe. Meli iitwayo Queen Mary 2, ya kampuni ya Cunard, ilianza safari zake mwaka 2004, nayo huvuka bahari ya Atlantiki toka Southampton hata New York, safari ya siku 7 kwa kawaida. Ikifika saa 12 jioni abiria hutakiwa kuvaa kwa adabu; na kwa siku chache zilizochaguliwa, usiku huwa wa karamu kuu. Hapo wanaume huvaa koti jeusi la jioni na tai ya kipepeo, au suti ya rangi nzito, na wanawake gauni refu au vazi jingine la heshima. Vazi rasmi la taifa la mtu hukubaliwa vile vile. Kwa hiyo twadhani mtu wa pwani mwenye kanzu safi na joho hana haja ya kuhangaikia koti la Kizungu. Asiyependa kujipamba halali na njaa, kwa kuwa yuko huru kwenda Kings Court, mahali pa kujipakulia chakula. Kampuni nyingine zimeiacha desturi hii. Ile ya Norwegian Cruise Line iliwafungulia abiria wake mwaka 2000, wale wapendapo na bila sharti la nguo rasmi.

Koti lenyewe lina kichekesho chake. Yasemekana kwamba mwaka 1865 mwana wa Malkia Victoria, yule aliyekuwa baadaye Mfalme Edward wa 7, alimwagiza fundi Henry Poole wa London amshonee koti fupi la kulia chakula nyumbani kwake shambani, ili apumzike na lile refu lenye mikia. Mwaka 1886 koti la namna hiyo likavaliwa Tuxedo Park, karibu na New York, na Wamarekani wakaliita kwa jina la mahali pale. Basi vazi ambalo leo watu hulinung'unikia kuwa zito, lilizaliwa kuwa vazi la raha! Asiseme mtu, basi, kwamba ni sheria iliyoandikwa tangu mwanzo wa ulimwengu. Ni mapatano ya watu tu.

Hata hivyo mapatano nayo yana haki yake. Aliyepanda meli akijua sharti, amekwisha kulikubali. Neno lake la kusema, "Nimelipa," si jibu, kwa maana wenzake nao wamelipa. Na katika vitu walivyovinunua umo uzuri wa chumba kile kwa usiku ule. Pengine meza ya pili wameketi mume na mke wazee, waliojinyima miaka mingi wapate kusafiri mara moja. Mke amelikunja gauni lake kwa uangalifu sandukuni, na mume amejitahidi nusu saa na tai isiyotaka kufungika. Kuwajia hawa na suruali fupi na viatu vya mchangani, hali nguo nzuri zimelala chumbani, si uhuru. Ni kuwaambia kwamba furaha yao ni upuuzi. Hata sisi, twajua jinsi wenye harusi waonavyo mgeni ajapo na nguo za shamba, naye ana kanzu nyeupe nyumbani.

Lakini asiye nayo je? Twasikia watu wakiona haya kuazima au kukodi suti, kana kwamba ni kusema uongo kwa mwili. Sisi hatuoni hivyo. Anayekodi suti ili asiwaharibie wenziwe karamu, hajamdanganya mtu. Anayeikodi ili adhaniwe kuwa ni mkuu, huyo amedanganya, hata kama suti ni yake mwenyewe.

Tena watetezi wa desturi hii husema kwamba huwafanya watu kuwa sawa: karani na mwenye benki wote weusi kama kunguru, hujui yupi ni yupi. Neno hili lina ukweli kwa wanaume. Kwa wanawake sivyo, kwa kuwa gauni lao hutazamwa, hukisiwa bei, na likivaliwa mara ya pili hukumbukwa. Mzigo wa desturi umewaangukia wao zaidi, na gharama pia. Tena katika meli hiyo hiyo aliyelipa nauli kubwa hulia Queens Grill au Princess Grill, na wengi hulia Britannia. Nguo zasema sote ni sawa. Milango yasema sivyo.

Wala hatari kubwa hatuioni katika kitambaa. Twaiona katika jicho. Waraka wa Yakobo watuonya juu ya mtu mwenye pete ya dhahabu apewaye kiti kizuri, na maskini aambiwaye asimame kule. Na jicho lile la kupima watu halihitaji karamu, lafanya kazi hata mlangoni pa kanisa. Melini laweza kumpima yule mzee aendaye Kings Court na sweta yake, kumbe ni mjane asiyetaka kuketi peke yake mezani usiku wa dansi. Laweza pia lisimwone kabisa mhudumu aletaye sahani. Huyu huvaa nadhifu kila usiku, si usiku wa karamu tu. Wengi wao hutoka Ufilipino na India, nao hukaa miezi mingi mbali na watoto wao. Abiria akishavua koti lake usiku, mhudumu bado anatandika meza za asubuhi.

Katika habari za meli Titanic, iliyozama Aprili 1912, imo ile ya tajiri Benjamin Guggenheim. Yasimuliwa kwamba, alipoona hakuna tena njia ya kuokoka, alivua vazi la kuelea akavaa nguo zake za jioni, apate kufa kiungwana. Wengine humsifu, wengine huona ni majivuno mpaka kaburini. Sisi twasita kumhukumu mtu aliyekuwa katika saa ile. Ila twakumbuka kwamba hakuwa peke yake: Victor Giglio, mtumishi wake, naye alivaa nguo za jioni akasimama kando yake, wakafa wote wawili, na wengi wanaoisimulia habari hii hawalijui jina lake.